Mtoto Mwenye Mitoki

Tufanye kama kawaida yetu: mmoja asome kwa sauti, wengine wafuate kwa kidole, na penye neno gumu simameni, mlirudie, ndipo mwendelee. Redio haingoji mtu, lakini karatasi yangoja. Wazee wetu walijifunza hivi hivi mwaka 1973, walipokusanyika katika vikundi kusikiliza masomo ya Mtu ni Afya, na mpaka leo wako wanaoyakumbuka.

Somo la leo lahusu watoto wachanga, na wale wadogo ambao bado hawajafika umri wa kwenda shule. Nataka tuzungumze habari za vile vivimbe ambavyo mama huvigusa siku moja anapomwogesha mtoto: nyuma ya sikio, kisogoni, chini ya taya, kwapani, au pale paja linapoungana na tumbo. Watu wengi huviita mitoki. Najua kwamba kila kabila lina neno lake, na Wanyasa wa ziwani hawasemi kama Wamatengo wa milimani. Katika somo hili tutatumia neno mitoki.

Nimelichagua somo hili kwa sababu ya jambo lililonipata mwenyewe. Mwanangu wa kwanza alipokuwa na umri wa miezi miwili na nusu, mama yake aliniita usiku, akaniambia niguse kwapani mwa mtoto, upande wa kulia. Nikagusa. Palikuwa na kitu cha mviringo, kama punje ya mahindi, kilichoteleza chini ya ngozi nilipokibonyeza. Mimi ni Afisa Elimu. Nimesoma chuo kikuu nikapata diploma, na kazi yangu ni kuwafundisha walimu jinsi ya kufundisha. Lakini usiku ule nilikaa na taa mkononi nisijue nishike lipi. Mama mkwe, ambaye amelea watoto saba, hakuwa na shaka. Akasema, "Mkwe wangu, hilo ni jipu. Kesho asubuhi lipasuliwe, uchafu utoke." Na wembe mpya ulikuwa umekwisha kununuliwa.

Asubuhi tulikwenda kliniki kwanza, nadhani kwa woga wangu kuliko kwa akili yangu. Nesi hakutazama kwapa. Alimvua mtoto fulana, akatazama bega la kulia, akatuonyesha kidonda kidogo kilichoanza kukauka. "Baba," akasema, "hii ndiyo chanjo aliyochomwa alipozaliwa. Tezi ya kwapani imepata habari zake. Iacheni." Tukaiacha. Ule mtoki ulikaa miezi minne, ukawa mdogo, mdogo tena, kisha ukatoweka. Wembe tuliutumia kukatia kucha.

Basi, nesi alijua nini ambacho mimi na mama mkwe hatukukijua? Alijua kwamba mtoki si ugonjwa wenyewe. Mtoki ni habari inayotoka mahali pengine. Shikeni neno hilo, kwa kuwa mengine yote ya somo hili yatoka hapo.

Ndani ya mwili wa kila mtu, mkubwa na mdogo, mna tezi ndogo mia kadhaa, nyingi zikiwa kubwa kama harage au ndogo kuliko harage. Katikati ya tezi hizo hupita majimaji meupe yanayoitwa limfu. Damu mnaijua; limfu haionekani upesi kama damu, lakini nayo ina mishipa yake. Huanza katika vijishipa vyembamba sana kila mahali mwilini, kama vile vijito vya milimani vinavyokwenda kuungana na mto Ruvuma, na mwisho wake humwagika katika damu. Njiani hapana budi ipite katika tezi. Na tezi hufanya kazi ya chujio: vijidudu vya ugonjwa vilivyoingia kwa njia ya kidonda au koo hunaswa hapo, na askari wa mwili, yaani zile chembe nyeupe za damu, hupigana navyo hapo hapo. Vita vinapopamba moto, askari huzaliana kwa wingi, na tezi huvimba. Uvimbe huo ndio mtoki.

Ukisikia makelele usiku kwenye kituo cha sungusungu, je, utakwenda kuwapiga sungusungu? La. Utauliza mwizi yuko wapi. Kukata mtoki kwa wembe ni kuwapiga sungusungu na kumwacha mwizi aende zake.

Sasa, mwizi yuko wapi? Hapa ndipo mzazi anapoweza kufanya uchunguzi wake mwenyewe, bila chombo chochote. Kila tezi ina mtaa wake inaoulinda. Tezi za nyuma ya sikio na za kisogoni hulinda kichwa. Kwa hiyo ukiona mitoki mahali hapo, tenga nywele za mtoto, utazame vizuri: kuna mapunye? Kuna chawa? Kuna vidonda alivyojikuna? Mara nyingi utaona kitu. Tezi za chini ya taya hulinda kinywa, meno na koo. Mwambie mtoto afunue kinywa karibu na dirisha; tazama jino lililooza, ufizi uliovimba, vidonda vya ulimi, koo jekundu. Mtoto akipata mafua tu, tezi hizo huvimba, na baada ya wiki mbili au tatu hurudi zilivyokuwa. Tezi za kwapani hulinda mkono na bega. Tezi za kinenani hulinda miguu na makalio, na hapa kwetu jibu mara nyingi ni funza, au upele, au kidonda cha mguu kilichoingia mchanga, au, kwa mtoto mchanga, ngozi iliyochubuka kwa nepi zenye mkojo. Ukimtoa mtoto funza kwa sindano safi na kumwosha miguu kwa sabuni kila jioni, utaona mitoki ikishuka yenyewe.

Lazima niongeze kwamba watoto wana tezi zinazogusika kuliko sisi wakubwa. Mwili wa mtoto unakutana na kila ugonjwa kwa mara ya kwanza, na tezi zake zina kazi nyingi. Ukiwashika shingo watoto ishirini wa shule ya awali, wazima kabisa, wanaocheza mpira, utagusa vijitezi kwa wengi wao. Kitezi kidogo kama punje ya mahindi, kilaini kama mpira, kinachoteleza chini ya kidole, kisichomwuma mtoto, na mtoto mwenyewe anakula na kucheza, hakikunyimi usingizi. Kitazame tu. Wala usikibonyeze kila saa, maana tezi inayobonyezwa sana haipati nafasi ya kupumzika, na wewe mwenyewe utaona kama inakua kwa sababu ya hofu yako.

Nirudi kwenye chanjo, kwa sababu wengi wenu mna watoto wa miezi michache. Ile chanjo ya begani anayopewa mtoto anapozaliwa huitwa BCG. Herufi mbili za mwisho ni za majina ya Wafaransa wawili walioitengeneza, Calmette na Guérin, na mtoto wa kwanza aliipata Paris mwaka 1921. Kazi yake ni kumkinga mtoto na kifua kikuu kikali, hasa kile kinachopanda kwenye utando wa ubongo. Ndani yake mna vijidudu hai vilivyodhoofishwa. Baada ya wiki chache hutokea kipele begani, kikawa kidonda kidogo, kisha kovu. Usikipake kitu, usikifunge, kiache kikauke. Kwa watoto wengine tezi ya kwapa la upande huo huo, au ya juu ya mtulinga, yaani ule mfupa wa mbele unaotoka kooni kwenda begani, huvimba katika miezi sita ya kwanza. Ikiwa ni ndogo na mtoto ananyonya vizuri, haihitaji dawa. Ikikua kupita punje ya mahindi, au ikilainika kama yenye usaha, au ikiwa nyekundu, mpeleke akaonwe. Daktari akiona inafaa huvuta usaha kwa sindano, hapasui. Na ikiwa mama ana virusi vya UKIMWI, au hajapimwa, aseme hivyo bila haya mtoto anapochunguzwa, kwa sababu kwa mtoto mwenye virusi hivyo vijidudu vya chanjo vyaweza kusambaa mwilini, na hapo matibabu ni mengine kabisa.

Sasa nitaeleza jambo la huzuni. Katika kijiji kimoja, ambacho sitakitaja, alikuwako mtoto wa kike wa miaka minne. Alitokewa na mtoki upande wa shingo. Haukuuma, wala haukuwa na joto. Wazazi wakaona kwamba kwa kuwa hauumi, si kitu. Ukakaa miezi. Ukapata mwenzake, kisha wa tatu, vikashikamana kama mihogo ya shina moja. Mtu mmoja mwenye sifa ya kutibu akawachanja chale na kupaka dawa ya majani. Chale zikageuka kidonda, na kidonda kikawa kinatoa maji kama ya mchele, kinafunga juu na kufunguka tena, muda wa karibu mwaka. Watoto wenzake wakamkimbia. Mama yake alikuwa mwanafunzi wa darasa letu la kusoma na kuandika, akaja jioni moja amemfunga mtoto kanga shingoni katika joto kali. Mwalimu ndiye aliyeuliza. Hospitalini walitoa tone kwenye uvimbe kwa sindano nyembamba, likapimwa, likaonyesha kifua kikuu.

Ndiyo, kifua kikuu. Jina hili ladanganya; ugonjwa huo hauketi kifuani tu. Kwa watoto hupenda sana tezi za shingo. Je, mtoto aliupata wapi? Hakuupata kwa kurogwa, wala kwa mtoki wa mwenzake. Mjomba wake, waliyelala naye nyumba moja, alikuwa akikohoa tangu masika. Alipopimwa makohozi, naye akakutwa nao. Wote wawili walimeza dawa, na wote wawili wapo. Kovu la mtoto litabaki, na sehemu kubwa ya kovu hilo ni ya chale.

Hivyo basi, mtoki wa shingo usiouma ambao hauondoki hauna haki ya kuachwa kwa sababu hauumi. Tena ndio wa kuulizia zaidi kuliko ule unaouma. Ule wenye kuuma, mwekundu, wenye joto, uliokuja kwa siku tatu nne, mara nyingi ni vijidudu vya usaha vilivyotoka kooni au kwenye jino, na zahanati inayo dawa yake. Dawa hiyo hupimwa kwa uzito wa mtoto. Vile vidonge vilivyobaki kabatini kwa kaka yake visitumiwe.

Habari njema ni kwamba kifua kikuu cha tezi hupona. Dawa hutolewa bure Tanzania, na humezwa miezi minne au sita kadiri mganga atakavyoamua. Mtoki hauyeyuki wiki ya kwanza, na wako watoto ambao tezi zao huvimba zaidi kidogo katikati ya matibabu kabla ya kushuka; mzazi asikate dawa kwa sababu hiyo. Vilevile, ikiwa nyumbani kuna mtu mwenye kifua kikuu, watoto wote walio chini ya miaka mitano wapelekwe hata kama ni wazima, wakapewe dawa ya kinga. Mtoto mwenye kifua kikuu cha tezi tu si wa kutengwa. Kwa kawaida hamwambukizi mtu. Maziwa ya ng'ombe na ya mbuzi chemsheni, maana wanyama nao wana kifua kikuu chao, nacho hupita katika maziwa mabichi.

Wengi hawajui kwamba nchi yetu ina sifa katika jambo hili. Mwaka 1977 Tanzania ilianzisha Mpango wa Taifa wa Kifua Kikuu na Ukoma, na mtaalamu mmoja aliyetoka Czechoslovakia, Dakta Karel Styblo, alifanya kazi pamoja na waganga wetu kuona kama wagonjwa wa vijijini, mbali na hospitali kubwa, waweza kumaliza dawa zao wakiangaliwa kwa karibu. Ikaonekana wanaweza. Njia ile ikaja kufuatwa na Shirika la Afya Duniani katika nchi nyingi. Tena, tusidhani kwamba kuhangaika na mitoki ni desturi yetu peke yetu. Waingereza waliamini kwamba mitoki ya shingo huponywa kwa kuguswa na mfalme. Mwaka 1712 mama mmoja alimpeleka London mtoto wake, Samuel Johnson, ambaye hakuwa ametimiza miaka mitatu, aguswe na Malkia Anne. Akaguswa, akapewa nishani ya dhahabu avae shingoni. Hakupona kwa kuguswa. Baadaye alipasuliwa, akaishi na makovu mpaka uzee wake, ijapokuwa alikuja kuwa mwandishi mkubwa wa kamusi. Kijidudu chenyewe kilikuja kuonekana mwaka 1882 tu, Mjerumani Robert Koch alipokitambua kwa darubini.

Katika kukata, hapana budi niseme neno juu ya kimeo. Mtoto anakohoa, koo limevimba, tezi za shingo zimeinuka. Jirani anasema ni kimeo, kikatwe. Kimeo ni kile kinyama kinacholegea nyuma ya kinywa. Hakileti kikohozi wala mitoki. Mtoto akikatwa hutoka damu nyingi, na kisu kile huweza kumpa pepopunda na magonjwa mengine ya damu. Vivyo hivyo yale yanayoitwa meno ya plastiki: ni meno ya kawaida ambayo hayajaota, na mtoto mwenye homa hunyimwa meno yake bure huku homa ikiendelea. Sisemi kwamba wazee wanaoshauri hayo ni wabaya. Mama mkwe wangu anampenda mjukuu wake kuliko mimi ninavyojipenda. Lakini upendo na wembe visikae katika chumba kimoja na mtoto mwenye mitoki.

Kuna uvimbe mmoja ambao hauingoji hata wiki, na historia yake yatoka katika nchi zetu. Mwaka 1957, katika hospitali ya Mulago mjini Kampala, daktari mpasuaji Denis Burkitt aliitwa amwone mtoto wa kiume wa miaka mitano. Taya zake zilikuwa zimevimba pande zote, juu na chini, na meno yamelegea. Burkitt hakujua ni ugonjwa gani. Muda mfupi baadaye, Jinja, akaona mtoto mwingine wa namna hiyo, mwenye uvimbe tumboni pia. Akaanza kupekua vitabu vya hospitali, akaandika habari zake mwaka 1958. Kisha mwaka 1961 yeye na madaktari wenzake wawili, Williams na Nelson, walipanda gari kuukuu, wakasafiri muda wa wiki kumi, yapata maili 10,000, kutoka Uganda wakipita Tanganyika, Nyasaland na Msumbiji mpaka kusini. Kila hospitali waliuliza swali moja: mmewaona watoto kama hawa? Wakachora ramani. Ramani ikaonyesha kwamba ugonjwa uko katika mabonde ya joto na mvua, na haupo milimani penye baridi. Leo twajua sababu: malaria ya mara kwa mara huudhoofisha ulinzi wa mtoto, na kirusi kimoja, kilichotambuliwa London mwaka 1964 katika kipande cha uvimbe kilichopelekwa kwa ndege kutoka Uganda, hupata nafasi ya kuharibu chembe zile zile za tezi. Hiyo ni saratani. Inaitwa kwa jina la Burkitt.

Sisi wa Liparamba na pwani ya Nyasa twaishi upande wa joto wa ramani ile. Ugonjwa huu si wa kila siku, watoto wachache tu huupata; lakini hukua upesi kuliko saratani nyingine yoyote, maradufu kwa siku chache. Mtoto mwenye taya linalovimba upesi, meno yaliyolegea kabla ya wakati, jicho linalosukumwa nje, au tumbo linalojaa, aondoke leo. Kwa nini nawahimiza hivyo? Kwa sababu ugonjwa unaokwenda mbio hivyo ndio pia unaoyeyuka mbele ya dawa. Burkitt mwenyewe aliona watoto waliokuwa kufani wakipona kwa dawa bila kupasuliwa. Siku hizi hospitali ya mkoa humpeleka mtoto wa namna hiyo mahali penye wataalamu, kama Muhimbili. Wanaopotea zaidi ni wale waliochelewa.

Mengine nitayapita haraka. Uvimbe wa mashavu mbele ya masikio pamoja na homa, unaowashika watoto wengi kijijini kwa wakati mmoja, ni matumbwitumbwi, si mitoki. Uvimbe wa mbele kabisa ya shingo, unaopanda na kushuka mtoto anapomeza, ni rovu. Uvimbe wa kinenani kwa mtoto mchanga, unaotokea anapolia na kurudi anapolala, ni ngiri. Ukikataa kurudi, ukawa mgumu, na mtoto akatapika, hiyo ni safari ya usiku ule ule. Na kwa kuwa twapakana na Pori la Akiba la Liparamba, mtoto mwenye homa zinazokwenda na kurudi na mitoki, ambaye aliumwa na mbung'o, mganga aambiwe hivyo. Malale ni adimu siku hizi, na mganga asipoambiwa habari za mbung'o hatafikiri kumpima.

Labda sasa mwauliza, tutajuaje siku ya kuondoka? Kutoka Liparamba kwenda hospitali ni nauli, ni siku ya shamba iliyopotea, na masika njia ni tope. Siwezi kuwaambia mwende kwa kila kitezi. Zahanati ni ya kwanza. Mganga wake ndiye atakayesema kama mwende Mbamba Bay, au Liuli, au mpande Mbinga na Litembo, au mfike Peramiho na Songea. Lakini msingoje ikiwa mtoto hapumui vizuri, au anatokwa na mate kwa kushindwa kumeza, au amekataa kunyonya, au shingo imekakamaa. Msingoje ikiwa mtoto hajatimiza mwezi mmoja, maana mtoto mchanga hivyo kwa kawaida hana mitoki inayogusika. Msingoje ikiwa mtoki uko juu ya mtulinga, hata ukiwa mdogo, isipokuwa nesi amekwisha kuwaambia ni wa chanjo. Mtoto aliyepauka, mwenye madoa ya damu chini ya ngozi au fizi zinazotoka damu, aende siku hiyo. Kadhalika mtoki mgumu kama jiwe, usioteleza, ulioshikamana na nyama.

Kwa mingine yote kuna kipimo na kuna tarehe. Kipimo chetu kiwe vitu tunavyovijua. Punje ya mahindi, tazama na ngoja. Korosho iliyobanguliwa, nenda zahanati. Katikati ya hivyo viwili, tumia tarehe: ukizidi kukua baada ya wiki mbili, nenda, ukiwa haujapungua baada ya wiki nne, nenda, na ikiwa mtoto anakonda, anatoka jasho usiku, ana homa, anakohoa wiki mbili, au ana mitoki sehemu nyingi za mwili kwa pamoja, nenda bila kuhesabu. Huyo wa mitoki mingi na utando mweupe wa kinywa usioisha apimwe pia virusi vya UKIMWI, na mama pamoja naye. Dawa zipo, na mtoto anayeanza mapema hukua.

Na hapa ndipo madaftari yenu yanapoingia. Miezi sita iliyopita wengi wenu hamkuweza kuandika tarehe. Leo mwaweza. Mganga akimwuliza mama, "Uvimbe huu una muda gani?" na mama akajibu, "Wa siku nyingi," mganga hana la kushika. Siku nyingi za mtu mmoja ni wiki, za mwingine ni mwaka. Lakini mama akifungua daftari, mganga anaona kwa macho yake jambo ambalo hakuna darubini inayoweza kumwonyesha, yaani mtoki ulivyokwenda. Andikeni nyuma ya daftari, au kwenye nafasi iliyo wazi ya kadi ya kliniki. Si lazima maneno yawe mengi. Mwalimu wa kikundi ayaandike haya ubaoni, na kila mmoja ayanakili:

Tarehe 3 Machi. Shingo, kushoto. Punje ya mahindi. Hauumi. Ana mapunye kichwani.

Tarehe 17 Machi. Punje ya mahindi. Mapunye yamepakwa dawa. Anakula.

Tarehe 31 Machi. Umepungua. Siuoni, naugusa tu.